Fomu Iliyovaa Plastiki

Jana usingizi ulinichukua sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye kanga yangu, nikaota fomu inakohoa.

Iko ukutani, mahali pake pa siku zote, kando ya picha ya marehemu mdogo wangu Zawadi. Ni fomu ya nafuu ya kodi: mfanyakazi wa kipato kidogo anayelea watoto wanne anarudishiwa sehemu ya kodi anayokatwa kwenye mshahara. Waliponipa kiwandani, ninakoshona sare, walisema niitunze. Nami niliitunza kweli. Kabla sijaandika hata herufi moja, niliipeleka stesheneri ikapigwa laminesheni.

"Mama Shukuru," inasema, "humu ndani kuna joto. Na kesho ndiyo mwisho wa kupokelewa."

"Vumilia. Wenzako wameliwa na panya."

"Wenzangu wamejazwa."

Niliona aibu, aibu ya kweli kabisa. Naishusha, nageuka, chumba changu kimekuwa ofisi. Nyuma ya meza ameketi Muhuri wa mpira, mnene, amevaa tai. Sikushangaa. Nilichoshangaa ni kwamba hapakuwa na foleni.

"Kanuni ya kwanza," anasema Muhuri. "Kipato kiwe chini ya mstari."

Mstari ni kamba yangu ya kuanikia nguo, imefungwa dirisha hadi dirisha. Namwita Mshahara. Anatoka mfukoni kwa miguu yake mifupi, anapita chini ya kamba bila kuinama. Anarudi, anapita tena, anaringa.

"Inatosha, tumeona. Kanuni ya pili: watoto wanne. Wewe umezaa watatu."

"Wa nne ni Tausi, wa marehemu mdogo wangu. Mimi ni mama yake mkubwa."

"Barua ya kukabidhiwa mtoto iko wapi?"

"Barua ya nini, baba? Tulitoka makaburini nikamshika mkono, tukaja nyumbani."

"Hakuna barua, hakuna mtoto," anasema, na kuinua kalamu amkate Tausi kwenye hesabu.

Hapo nilikasirika. Tausi amechaguliwa shule ya bweni, na bila nafuu ile hana godoro wala sanduku, habari za kwenda shule ziishie hapo. Ningekuwa macho ningesema samahani bosi, nikaondoka zangu. Ndotoni simwogopi mtu.

"Nina shahidi," nasema.

Ofisi inakuwa jiko langu. Muhuri amekalia kigoda, tai yake imeingia kwenye ndoo ya maji. Sufuria yangu ya ugali inashuka kwenye mafiga. Haisalimii mtu. Ina miaka kumi na moja kazini.

"Kila siku napika ugali wa watu watano," inasema Sufuria. "Ukoko anakula Tausi."

"Huenda ni mgeni."

"Mgeni umpe ukoko? Wewe umelelewa wapi?"

Muhuri anakamua maji kwenye tai yake. "Ningegonga," anasema kwa upole, "ila wino wangu ulikauka mwaka juzi."

"Sogea," inasema Sufuria. Inaikalia fomu, inajizungusha kidogo kama kuku anayeatamia.

Nikaamka. Kumekucha, Tausi anafagia uani. Fomu iko ukutani, plastiki imeshikana pande zote nne, haina hata tundu la sindano. Lakini kwenye kisanduku cha shahidi kuna duara la masizi. Nikalisugua kwa kidole, halikutoka. Lilikuwa upande wa ndani.

Nikaenda jikoni nikageuza sufuria. Kitako kizima ni cheusi kama siku zote, isipokuwa pete moja inayong'aa.

"Tausi!"

"Abee, mama mkubwa."

"Niletee mkasi wangu wa kazini, na kalamu. Halafu uje uandike jina lako hapa."