Mikanda ya Mjomba

Shokapu za mbele za pikipiki yangu, zile springi za kumeza mashimo, zilikuwa zimezama mpaka mwisho kwa kubanwa na mikanda. Nilisimama mlangoni mwa trela, mkoba begani, nikadhani macho yananidanganya. Mjomba ndiye aliyeifunga, na Mjomba hakuwa mtu wa kufunga hivyo.

Kazi yake ilikuwa kusafirisha pikipiki za mashindano na vile vigari vya kupasua matope. Wateja walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumharakisha akafanikiwa. Aliingiza gurudumu la mbele kwenye chuma cha kulibana, akainua stendi, akapitisha mikanda kwenye usukani, kisha akavuta kushoto kidogo, kulia kidogo, ametega sikio. Nikiwa mdogo nilidhani pikipiki zinamnong'oneza. Kumbe alikuwa akisikiliza shokapu. Zikizama nusu, aliacha. Akimwona mtu anavuta mpaka mishipa ya shingo inamtoka, alimfukuza trelani bila haya: ukikaza mno, alisema, sili, zile pete za mpira za kuzuia oili, zinapasuka, oili inamwagika, na chombo kinafika kikiwa mgonjwa. Alinifukuza mimi pia, tena mbele za watu. Nilinuna siku nzima. Yeye akaniletea soda, akaiweka karibu yangu, akaenda zake kana kwamba imejileta yenyewe.

Hivyo ndivyo alivyonilea tangu mama yangu, dada yake, alipofariki. Maneno hakuwa nayo. Alikuwa na soda, na koti nililoamka nikakuta limenifunika, na kiti cha mbele cha gari ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Mpaka leo sinywi soda bila kumkumbuka.

Kisha nikapata kazi ya kupeleka dawa kwa pikipiki kwenye zahanati za milimani, mbali kabisa na nyumbani. Nilimwambia tukiwa mezani. Akamaliza chakula, akaosha sahani yake na yangu, akaenda kulala. Tangu hapo hakuligusa jambo lile, na mimi, nilivyo na kichwa kigumu, niliapa sitamuuliza. Lakini roho iliniuma. Niliitaka ile kazi kuliko kitu chochote, na nilijua kwamba angesema "usiende," nisingekwenda.

Siku ya safari alisema tu atanipeleka mwenyewe, eti ana mzigo wa mteja wa upande huo. Mzigo wenyewe ulikuwa pikipiki moja ya magurudumu manne, na mteja wala hakuwa na haraka nayo.

Basi nilipoziona zile shokapu, nikaelewa. Nikafunga mlango wa trela, nikapanda gari.

Hatukufika mbali akaegesha kando ya barabara. Hiyo ilikuwa desturi yake, kwa sababu gari likishatikisika mikanda huhitaji kukaguliwa. Kwa kawaida alishuka mwenyewe. Safari hii alibaki ameshika usukani.

"Nenda wewe ukaangalie," alisema.

Ndani ya trela kulinukia petroli na mpira. Nikaugusa mkanda wa kulia, ulikuwa mgumu kama ubao. Nikafikiria kuuacha ulivyo. Sili zinauzwa madukani, nikajiambia. Acha zipasuke kama hilo litamtuliza. Nilipogeuka, Mjomba alikuwa amesimama mlangoni.

"Umekaza sana, Mjomba."

"Najua."

Aliitazama pikipiki, mimi hakunitazama. "Nilikuwa navuta, nasema hii ndiyo ya mwisho. Halafu navuta tena. Mkono haukutaka kuacha, mwanangu."

Nikalia, na sikujificha. Nilimpenda mtu yule kuliko nilivyowahi kumwambia, na hata pale sikuweza kumwambia. Akaniacha nilie. Nilipotulia akapanda, akasimama upande wa pili wa pikipiki, akaniambia yeye atashika kushoto na mimi kulia, twende pamoja isije ikalala upande mmoja.

Tukalegeza. Shokapu zikapanda polepole, kama mtu anayevuta pumzi. Nikasimamisha mkono mapema, kabla hazijafika nusu, mikanda ibaki imekaza kidogo kwa ajili yake.

Mjomba akatega sikio.

"Bado," alisema. "Legeza tena."