Faili ya Majina Mawili

Mwaka wa themanini na nane nilikuwa nafagia chumba cha mashine cha kampuni ya shaba, hapa Lubumbashi. Masharti yalikuwa mawili: unavua viatu mlangoni, na mdomo unaufunga. Viatu niliweza.

Fundi wa mashine alikuwa Yuma, mtu wa mtaa wa Kamalondo, Mwislamu, watu wao wametoka Maniema. Upara umeanza, sauti ya taratibu. Ukimtukana anakuuliza kama umekunywa chai.

Ijumaa moja asubuhi mashine ya kuchapa ilitoa karatasi ndefu. Kuikata ilikuwa kazi yangu. Nikaisoma, maana masista walinifundisha kusoma mpaka mwaka wa tano, hawakunifundisha kuacha. Juu iliandikwa kwamba wote waliomo wanakaa nyumba za kambi bila kuwa wafanyakazi, na Jumatatu watoke. Majina sitini na matatu. La kumi na nane: Constantin, nyumba namba 41.

Huyo ni mume wangu. Saa ile ile alikuwa kwenye tanuru, anamwaga jasho la kampuni.

"Tata Yuma, bwana yangu iko ku kazi sasa hivi. Nani amemufukuza?"

"Si miye, mama Delphine. Ni SQL."

"Huyo SQL iko muntu wa wapi? Bamwite hapa anitazame mu macho."

Akacheka. "Ni luga ya kuuliza mashine. Niko na faili mbili, nyepesi tu kama daftari: kila mustari muntu mumoja, virgule, alama ya mukato, kati. Moja ya nyumba, moja ya kazi. SELECT, ni kusema nionyeshe. FROM, toka faili gani. WHERE, lakini paka bale nabataka, bale tu. Nimeuliza: nionyeshe bantu ba faili ya nyumba, paka bale habako mu faili ya kazi."

"Na inajibu upesi?"

"Dakika mbili."

"Basi ni mujinga mwenye mbio."

Nikarudi kwenye karatasi. Anaclet. Paulin. Dominique. Jina la Kiislamu, hata Amadi mmoja, hakuna. Nikaelewa. Faili ya nyumba walinakili kutoka kadi za mwaka wa sitini na tisa, kabla Serikali haijatuambia tutupe majina ya padri, tuchukue ya mababu. Faili ya kazi iliandikwa baadaye. Kwenye nyumba mume wangu ni Constantin, kwenye kazi ni Mukuka, na mashine inaona watu wawili. Yuma angeona wapi? Baba yake aliitwa Abibu tangu kuzaliwa mpaka kaburini.

Nilipomwambia, akashika upara. "Namba ya kazi haiko mu faili ya nyumba. Hakuna kamba ya kuzifunga pamoja. Na mukubwa wetu, Citoyen Directeur, anasaini saa sita. Na saa sita miye niko ku musikiti."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Nikafagia mahali nilipokwisha kufagia. Nikaenda mlangoni, nikarudi. Nikafuta meza, nikaifuta tena. Jumatatu! Magodoro nje, watoto sita juu yake, majirani wanapita polepole ili waone vizuri.

"Mama, kaa chini."

"Kaa weye. Kamba iko kwangu, chini ya kitanda."

Mimi ndiye nilikuwa mshika daftari la matanga wa kambi yetu. Humo kila nyumba ina mstari wake: nani analeta kuni, nani anasonga bukari, ugali wetu, nani analala na mjane. Na kila mtu ana majina mawili, la Serikali kwa ajili ya kibali cha kuzika, na la ubatizo kwa ajili ya kulia. Mama hawezi kumlilia mtoto kwa jina aliloletewa na ofisi.

Nikakimbia. Nilipofika kambini ndipo nikaona viatu nimeviacha mlangoni kwa mashine. Jirani yangu Laurentine akaniona natoka na daftari, akaweka mikono kichwani. "Yooo! Nani amekufa?"

"Hakuna! Bado!"

"Bado?" Akaanza kulia vilevile, asije akachelewa.

Nikarudi kwenye mashine, nikasoma, Yuma akaandika faili ya tatu: jina jipya, virgule, jina la zamani. Kisha akaiambia SQL ipite kutoka nyumba, iingie kwenye daftari, itokee kwenye kazi. Sitini na watatu wakawa wanne.

Wawili walikuwa wamerudi Mitwaba kulima, kweli. Nyumba ya tatu alikaa shemeji wa mkubwa fulani wa Chama. Mstari huo Yuma aliufuta kwa kidole, hakuhitaji SQL. Wa nne: Constantin, namba 41.

"Mama Delphine, bwana yako hayuko mu daftari."

Nilijua. Mshika daftari haandiki nyumba yake. Ni kuita matanga kwa jina. Mama Jeanne aliyenitangulia alijiandika. Mahindi ya mwaka huo hayajakomaa, tukamzika.

"Zinabaki dakika ishirini," Yuma alisema, na saa yake akaiweka mezani. "Sema jina tu. Hii si daftari, ni faili."

"Imetoka mu nini hiyo faili?"

Akalitazama daftari. Mtu wa Mungu hasemi uongo siku ya Ijumaa.

Nikasimama dirishani. Moshi wa tanuru ulikuwa unapanda. Nikageuka, nikaketi, nikasimama tena.

"Constantin unamusoma mwenyewe ku karatasi."

"Na jina la kazi?"

"Mukuka."

"Virgule?"

"Weka weye. Miye nimekwisha kuua."

Karatasi ikatoka na majina mawili tu. Nikaikata, nikapanda nayo juu bila viatu. Citoyen Directeur akasaini bila kusoma, kama alivyosaini zote.

Saa kumi mume wangu akarudi na njaa yake. Nikakaa mbele yake, nikahesabu pumzi zake.

"Unanitazama nini?"

"Kula."

Akakohoa mara moja, tonge likaniponyoka. Jumatatu ikapita, godoro likabaki ndani. Aliishi miaka kumi na tisa zaidi, na kila akipiga chafya niliuliza kama Yuma ameiwasha mashine.