Koti la Tumbusi

Kwato hakuwahi kumwona tembo. Ngamia alimwona mara moja, utotoni, kwenye sarakasi, na hata huyo hakumsikia kwa sababu ya matarumbeta. Lakini kwa miaka ishirini na mmoja, kila tembo aliyepita kwenye vipindi vya wanyama vya studio yao alipita kwa mikono ya Kwato: mto wa kochi uliojazwa mchanga mkono huu, mwingine mkono ule, tupu, tupu, juu ya ubao. Na ukiona huo ni utapeli, hebu niambie wewe: mpiga picha amejificha ndani ya gari, nusu kilomita kutoka alipo simba; maikrofoni yake itasikia nini? Itamsikia mpiga picha akikohoa. Sasa mtu aliyejinyoosha kwenye kochi lake hataki kikohozi, anataka simba atafune. Basi Kwato alikuwa anafunga kabichi kwenye kitambaa kilicholowa, anaivunja taratibu mbele ya maikrofoni, simba anatafuna, watu wanasisimka, kila mtu anarudi kwake salama.

Jina la Kwato alipewa na fundi mitambo, yule aliyekaa upande wa pili wa kioo na vyombo vyake vya kurekodia, kwa sababu ya vifuu viwili vya nazi ambavyo pundamilia, nyumbu na punda wote walivitumia kwa zamu kama kwato. Mama yake ndiye pekee ambaye hakumwita hivyo. Majirani wakimwuliza mwanao anafanya kazi gani, alijibu yuko kwenye televisheni. Wakimwuliza mbona hatumwoni, alijibu yuko kwa ndani.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani kwa miaka hamsini, na macho yalipoanza kumsaliti, masikio yalichukua kazi yote. Mteja akiingia na kitambaa ndani ya mfuko, mama alimwambia kabla hajakitoa: "Hiyo ni poliesta, usiniambie pamba." Mteja anabaki ameduwaa mlangoni. Hakukosea hata siku moja, na alikuwa anajua kwamba hakosei, jambo ambalo lilimfanya awe mgumu kidogo kuishi naye.

Mumewe, baba yake Kwato, alikuwa tarishi wa posta. Mtu wa maneno machache, nadhani aliona barua zinatosha. Alikuwa na koti la mvua la kazini, la mpira, la kijivu, ambalo kwapa lake la kulia lilichanika siku mbwa mmoja alipompandisha ukuta. Mama alitia kiraka cha turubai la lori, maana hakuwa na kingine kigumu kiasi hicho. Tangu siku hiyo, baba akitembea, mkono wa kulia ulitangulia kuongea, krap, ndipo wa kushoto uitikie, fwap. Kila jioni, saa kumi na mbili kamili, koti lilisikika mlangoni, na mama, mgongo mlangoni, mguu kwenye cherehani, alisema bila kugeuka: "Umechelewa. Futa miguu." Baba hakuwahi kuchelewa hata dakika moja. Wala hakuwahi kubisha. Alikuwa anafuta miguu, mara mbili, anaingia.

Baba alifariki, na kesho yake ya maziko koti likatoweka kwenye msumari nyuma ya mlango. Mama alitafuta uvunguni, kabatini, jikoni. Mwishowe akakumbuka kwamba wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa ameondoka na begi kubwa kuliko alilokuja nalo. Akampigia simu. "Wifi, koti halina miguu." Wifi aliapa, akalia, akaapa tena. Mama akamwambia ana mkono mrefu. Wifi akasema hatakanyaga tena nyumba ile, na kwa miaka sita hakukanyaga.

Koti alikuwa nalo Kwato.

Hakuliiba, au tuseme hakukusudia. Alitaka kitu cha baba yake cha kuwa nacho kazini, akaona haya kuomba, mtu mzima wa miaka arobaini. Akalichukua asubuhi kabla watu hawajaamka, akijiambia atalirudisha Jumatatu. Jumatatu alikuta vita vimeshalipuka, shangazi ameshaitwa mwizi. Kwato akajikausha. Akasema Jumatatu ijayo. Loo, mtu anaweza kuwa mwoga kwa miaka sita mfululizo na bado akapiga mswaki kila asubuhi.

Studioni koti likapata kazi. Lilikuwa popo, likawa hema kwenye upepo, likawa kunguru, na mara zote muziki ulilifunika. Halafu ikaja filamu ya tumbusi, sehemu tatu, kila Jumapili alasiri, na mwongozaji wake alikuwa mtu aliyechukia muziki. Tumbusi alishuka kwenye mzoga katikati ya kimya kitupu. Krap, fwap. Krap, fwap.

Jumapili ya kwanza, mama alikuwa anapinda sketi, mgongo kwenye televisheni. Cherehani ikasimama.

"Koti la baba yenu," alisema.

Dada yake Kwato, mwalimu mkuu wa shule, mtu wa ratiba, aliinua uso kutoka kwenye madaftari. "Liko wapi, mama?"

"Mle ndani. Kwenye televisheni. Yule ndege amelivaa."

Dada akamtazama Kwato. Kwato akatazama mkeka.

"Mama, huyo ni tumbusi," dada alisema, kwa ile sauti ya kusemesha watoto wa darasa la kwanza.

"Najua ni tumbusi. Msimulizi amesema. Sasa nyie mliosoma niambieni, ndege gani anapiga bawa la kulia kwanza, la kushoto baadaye? Si angeanguka?"

Hilo lilikuwa swali zuri mno, na mtu mmoja tu chumbani alikuwa na jibu lake. Alisema anaenda kununua sukari.

Jumapili ya pili mama aliwaambia pia wateja wawili waliokuja kuchukua nguo zao. Wateja wakachukua nguo, wakapeleka habari. Kufikia Jumatatu mtaa mzima ulikuwa unamwonea huruma dada, na dada hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Jumatano wakamkalisha mama mbele ya daktari.

"Mama, huu ni mwezi gani?" daktari aliuliza.

Mama akautaja mwezi, tarehe, na sare tatu za shule alizoahidi kuzimaliza kabla ya Ijumaa.

"Na unasikia sauti ya marehemu mumeo?"

"Sauti yake hapana. Hata akiwa hai sauti yake ilikuwa adimu. Nasikia koti."

Daktari akaandika kwa muda mrefu. Dada akashika mkono wa mama. Kwato alikuwa amekaa kiti cha tatu, akisoma bango la ukutani kuhusu meno, na akalisoma lote, pamoja na jina la kiwanda kilicholichapa. Daktari akatoa vidonge, akashauri mama asiishi peke yake, na vitu vya hatari, kama vile sindano, viwekwe mbali naye. Fundi cherehani awekwe mbali na sindano! Dada akapanga: Jumatatu mama anahamia kwake, chumba cha nyuma. Cherehani ingebaki.

Mtu mwingine yeyote angefungua mdomo pale pale. Kwato alifungua mdomo, akapiga mwayo. Kwa kuwa alikuwa mwoga, si mjinga, akabuni njia ya mkato: sehemu ya tatu ilikuwa haijakamilika. Akaenda studioni akatoa mwavuli.

"Mwavuli?" fundi mitambo aliuliza kutoka nyuma ya kioo.

"Mwavuli."

"Koti limekosa nini? Lile koti ndilo tumbusi bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao."

"Limechoka. Lipumzike."

Tumbusi wa sehemu ya tatu wakaruka kwa mwavuli, mabawa mawili kwa pamoja, safi, kama ndege waliokwenda shule. Kwato akajipongeza. Mama hatasikia kitu, atanyamaza, dada atatulia, yataisha. Alilala vizuri siku hiyo, mshenzi yule.

Jumapili ya tatu mama hakushona. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na kugeuza kiti kuielekea televisheni, mikono mapajani. Tumbusi wa kwanza akashuka. Fyap. Fyap. Akashuka wa pili. Mama akainamisha kichwa, akitega sikio. Akasubiri tumbusi wote, akasubiri mbwa mwitu waliowafukuza, akasubiri hadi majina yakapita yote na tangazo la sabuni likaanza. Kisha akainuka, akaizima mwenyewe.

"Ameondoka," alisema.

Dada alishusha pumzi. "Dawa hizo, mama. Zimefanya kazi."

Mama alienda kwenye cherehani, akachomoa uzi kwenye sindano, akauviringisha kwenye kidole, akaifunika cherehani kwa shuka. Cherehani ile ilikuwa imefunikwa mara moja tu maishani mwake, wiki ya msiba.

"Basi nipelekeni huko mnakotaka kunipeleka," alisema. "Hata leo."

Kwato alikuwa amemzika baba yake mara ya pili, na safari hii kwa mwavuli. Alitoka bila kuaga, na dada akadhani ni sukari tena.

Alirudi baada ya saa moja, shati limemganda mgongoni, na mfuko wa nailoni mkononi. Mama alikuwa kitandani, akimtazama dada akipanga nguo zake kwenye sanduku. Kwato akasimama mlangoni. Njia nzima alikuwa ameandaa hotuba, ina mwanzo na mwisho, ina mpaka neno "mazingira". Aliuhamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Fungua huo mfuko," mama alisema.

"Mama, kabla sijafungua..."

"Huo ni mpira," mama alisema. "Mpira, na kiraka cha turubai. Fungua."

Akafungua. Akaliweka koti mapajani mwa mama, na maneno yakamtoka ovyo ovyo: maziko, msumari, Jumatatu, popo, hema, tumbusi. Ili aeleweke ikabidi alishike koti na kulipiga hewani, katikati ya chumba cha mama yake, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, krap, fwap, krap, fwap. Dada alikaa juu ya sanduku.

"Wewe," dada alisema. "Wewe ulikaa pale kwa daktari. Kiti cha tatu."

"Nilikaa."

"Ulipiga mwayo!"

"Nilipiga."

Mama aliinua mkono. "Simu yangu," alisema. Akapewa. Namba hakuitafuta, aliibonyeza kutoka kichwani, baada ya miaka sita.

"Wifi. Ni mimi. Koti limeonekana." Kimya. "Alikuwa nalo mwanao. Amelifanya ndege." Kimya kirefu. "Hapana, wifi, usilie wewe. Wa kulia ni mimi. Njoo kesho. Nitakuomba radhi uso kwa uso, kwa simu ni uvivu. Na huyu utamchapa mwenyewe, mimi mikono imechoka."

Alikata simu, akapangusa macho kwa kiganja, kisha akaanza kulikagua koti, mshono kwa mshono, kama koti la mteja. Kiraka kilikuwa kimeachia upande mmoja, kikining'inia. Kwato alisubiri matusi. Alitamani matusi.

"Miaka sita umeliharibu," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

Mama akamwambia dada afunue cherehani na ampe sindano. Dada akasita kidogo, akakumbuka nani ndiye mgonjwa, akatoa. Mama akatia uzi, kwa kupapasa, mara ya kwanza tu ukaingia. Akashika kiraka. Akakaa hivyo, sindano hewani. Kisha akaichomeka tena kwenye kifuko cha pini.

"Nikikikaza hakitaongea," alisema. "Livae. Toka nje."

"Nje wapi?"

"Nje ya mlango, wewe. Mbona mgumu hivyo?"

Kwato akavaa koti, akatoka, akaufunga mlango. Akasimama kizingitini. Alikuwa ametembea kama tembo, fisi kilema, duma mwenye mimba, na hata mjusi. Hakuwahi kutembea kama baba yake. Alijaribu kukumbuka. Hatua fupi. Bega la kulia linasukuma mlango, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa unashika pampu ya baiskeli, isiibwe. Ndani alisikia kiti kikiburutwa, kisha cherehani ikaanza.

Akasukuma mlango kwa bega. Krap. Fwap.

Mama alikuwa amekaa, mgongo mlangoni, mguu ukikanyaga, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa chochote. Dada alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Cherehani ikasimama.

"Umechelewa," mama alisema bila kugeuka. "Futa miguu."

Kwato akafuta miguu, mara mbili, akaingia.