Nyuzi Nyeupe za Naviundu

Mbeleko ilikatika mchana, uani kwa Marceline, mbele ya majirani. Fundo halikufunguka, mshono haukuachia. Kitambaa kilikatika katikati, chini ya makalio ya mtoto, kwa sauti ndogo kama ya karatasi kavu. Gracia, binti yake, alirusha mikono nyuma, lakini mwanawe alikuwa ameshateleza. Feruzi, fundi cherehani wa nyumba ya pili, alimdaka kwa kumshika mguu mmoja, kichwa kikielekea saruji.

Mtoto akalia.

Katika familia ile, bibi ndiye humfunga mjukuu mgongoni mwa mama kwa mara ya kwanza, mtoto akishakaza shingo, tena kwa kitambaa alichokitengeneza mwenyewe. Marceline aliifuma mbeleko yake kwa nyuzi za mgomba. Mgomba ukishakatwa mkungu hauzai tena, na wengine huuacha uoze. Yeye alikata shina, akabandua maganda yake na kuyakwangua ubaoni kwa kisu butu mpaka zikabaki nyuzi tupu, akaziosha, akazianika, akafuma. Feruzi alipinda kingo tu.

"Papa Feruzi," Marceline alisema, "mashini yako njo imekata nyuzi. Ulitia sindano kubwa ya jeans."

"Mama Gracia! Miye njo nimedaka mutoto, na miye tena njo niko mubaya?" Feruzi aliinyoosha mbeleko. "Nilishona huku na huku. Pa katikati, unionyeshe hata tundu moja."

Marceline alitafuta. Hakuliona.

Chini ya paa kulining'inia kichala cha nyuzi zilizosalia, ambazo hazikupata kukaribia cherehani. Alichomoa uzi mmoja, akauvuta. Ukakatika. Akavuta wa pili, ukakatika. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nyuzi za mgomba aliokuwa akibebea makaa tangu mwaka uliopita. Akachomoa uzi mmoja, akauzungusha kidoleni na kuvuta kwa nguvu zote. Uzi ule ulimkata ngozi, wenyewe haukukatika.

Migomba ilikuwa ile ile, na kisu kile kile. Tofauti ilikuwa rangi. Mfuko ulikuwa wa kahawia, mbeleko ilikuwa nyeupe.

Marceline aliifahamu sababu ya weupe ule, maana alikuwa akijivunia mtaani kote. Maji ya kisima chake yana udongo mwekundu, huacha doa kwenye nyuzi. Kiangazi hiki aligundua kwamba ukizilaza mtoni Naviundu usiku kucha, chini ya jiwe, asubuhi zinatoka nyeupe kama pamba. Hakuzisuuza tena kwa maji ya kisima, asije akaziharibu rangi. Alizianika hivyo hivyo.

"Nilikuwa na suruali," Feruzi alisema polepole. "Acide, ile mayi kali ya batri, ilimwangikia pa goti. Siku ile, hakuna kitu. Ikakauka. Kesho yake goti lilikuwa inje."

"Unasema mule mu mto muko acide?"

"Miye sijui iko nini. Minasema vile suruali ilifanya."

Gracia alisema, "Mama. Nepi."

Marceline alimtazama, kisha akaitazama kamba ya nguo. Nepi zilikuwa zimepangwa pale, safi kuliko za jirani yeyote. Ni yeye aliyemfundisha binti yake kuzifulia mtoni. Ni yeye pia aliyesema kwamba ule wekundu mapajani mwa mtoto ni joto tu, utapona kwa poda.

Gracia alimlaza mtoto mkekani, akaifungua nepi, akaishika kwa mikono miwili na kuvuta. Haikuhitaji nguvu. Ilipasuka kutoka upindo hadi upindo, na vipande viwili vikabaki mikononi mwake. Mapajani, pale walipopaka poda, ngozi ilikuwa imebanduka.

"Joto," Gracia alisema. "Ulisema joto, mama."

Marceline alimwinua mtoto mkekani, wakaondoka.

Muuguzi wa kituo cha afya alimsafisha mtoto, akasema ngozi imeungua, haikuambukizwa, na itapona. Aliuliza ni maji gani. Walipomwambia, aliacha kuandika, akawakataza kuyatumia tena.

Asubuhi Marceline alishuka mtoni. Maji yalikuwa maangavu, hayana harufu. Wanawake walikuwa wameinama na mabeseni yao. Mmoja wao, Christiane, alimwona na kile kitambaa cheupe.

"Eh, mama ya migomba! Leo unatuletea nyuzi zingine? Njoo, mayi ya mto iko inangarisha nguo bibaya!"

"Vuta," Marceline alisema, akimpa ncha ya mbeleko.

"Nivute nini? Asubuhi yote hii unataka mashindano?"

"Vuta tu, Christiane."

Christiane aliwakonyeza wenzake, akajikaza kama mtu anayevuta kamba, akavuta. Kitambaa kilikatika papo hapo, naye akarudi nyuma hatua mbili. Wenzake wakacheka. Yeye alitazama kipande kilichobaki mkononi, kisha akainama juu ya beseni lake, akatoa shati dogo la shule, akalishika mabegani kwa vidole.

Hakulivuta.

"Ni ya mutoto wangu," alisema.