Mate ya Mpangaji

Walimwita Mpangaji kwa sababu hakuwa mbwa wao. Kituo cha kuokoa mbwa kilimkuta amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba ambayo wenyewe walikwisha kuhama, kikamleta kwa mshona mapazia akae naye mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Mshona mapazia aliishi na mama mkwe wake. Mumewe, dereva wa malori, alionekana nyumbani kwa nadra. Jina lilitoka kwa mama mkwe.

"Mpangaji gani huyu? Kodi halipi, na chumba anachagua mwenyewe," alisema siku ile mbwa alipojibanza nyuma ya marobota ya vitambaa akakataa kutoka.

Tangu hapo, kila bibi huyo alipopita karibu na mbwa, alikusanya gauni lake kama mtu anayevuka dimbwi. Mbwa naye alimwogopa kila mtu, ufagio, hata mlio wa mkasi. Lakini taratibu alianza kulala karibu na pedali ya cherehani, sikio moja limesimama, akiamka kila uzi ulipokatika.

Kwa siku kadhaa alikula kidogo kidogo, na asubuhi moja hakugusa chakula kabisa. Mshona mapazia alikuwa na mapazia ya ukumbi wa watu yanayomsubiri, hakutilia maanani. Mchana akasikia mlio kama wa mtu anayekwangua sufuria. Aligeuka. Mpangaji alikuwa amesimama katikati ya chumba, taya limelegea, mate yanamtoka kamba kamba mpaka sakafuni. Alijikwaruza usoni kwa mguu, akatikisa kichwa, akakohoa kikohozi kikavu.

"Una nini wewe? Hebu nione."

Alipiga magoti akamfumbua kinywa kwa mikono miwili. Mbwa akajipinda, jino likamkwaruza kidole, palepale alipokuwa amejichoma sindano asubuhi. Damu kidogo, mate mengi.

"Mwachie!"

Mama mkwe alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Beseni lilimponyoka, nguo mbichi zikatapakaa.

"Mwachie, mwanangu! Usimguse tena!"

"Mama, anaumwa tu..."

"Najua anaumwa nini."

Mbwa alikimbia kelele zile akaingia bafuni, na bibi akausukuma mlango kwa mti wa ufagio ukafungika. Kisha akamshika mkwewe mkono, akamkokota mpaka kwenye bomba la jikoni, akaanza kumsugua kidole kwa sabuni ya kufulia. Alisugua, akasuuza, akasugua tena.

"Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume," alisema bila kuinua macho. Mshona mapazia hakuwahi kusikia habari za mtoto huyo. "Mbwa alimng'ata kisigino. Mbwa mwenyewe taya linaning'inia hivihivi, mate hivihivi. Wanaume wakampiga, wakamtupa shimoni, wakasema mambo yamekwisha. Kidonda kikapona, tukasahau. Halafu siku moja mtoto akaomba maji. Kikombe kilipofika mdomoni, koo likamkaba. Ana kiu, na maji anayaogopa. Mama yetu walimtoa nje asimsikie."

Maji yaliendelea kutiririka. Mshona mapazia alijaribu kumeza mate, akahisi koo gumu.

Alipiga simu kituoni kwa mkono wa kushoto. Dada wa kituo, ambaye kwa kawaida hakumaliza sentensi bila utani, alisikiliza kimya.

"Si mlimchanja?"

"Tulimchanja siku tulipomwokoa, dada. Lakini kama alikuwa ameshaambukizwa kabla, chanjo ile haimsaidii. Mwacheni humohumo. Nakuja na daktari wa wanyama. Na wewe leo lazima ufike hospitali, hata iweje."

Hata kabla hajaweka simu, fundi wa kuchomelea wa jirani alikuwa ameshaingia na nondo mkononi. Kelele zilimfikia karakanani.

"Yuko wapi? Dakika moja tu, namaliza."

Mshona mapazia alitaka kusema hapana. Lakini nusu ya moyo wake ilitaka amalize. Ndani ya bafu kucha zilikuwa zinakwaruza mlango, taratibu, zikinyamaza, zikianza tena.

Mama mkwe ndiye aliyekwenda kusimama mbele ya mlango ule. Alisimama huku akiuepuka kwa mgongo, kama ukuta wa moto.

"Mama, sogea. Huyu ana kichaa."

"Nani kakwambia?"

"Si wewe ulikuwa unapiga kelele?"

"Nilipiga, ndiyo. Sasa nasema hauawi. Ukimponda kichwa, nani atatuambia kama kweli alikuwa na kichaa? Yule wa kwetu walimmaliza hivyo hivyo, tukabaki kubahatisha. Tukabahatisha vibaya."

Fundi aliishusha nondo. Hakuondoka, alikaa kwenye robota la kitambaa, na wote watatu wakasubiri, wakiutazama mlango. Mshona mapazia alikiinua kidole chake juu, mbali na nguo, mbali na uso, kana kwamba si chake.

Daktari aliyefika na dada wa kituo alikuwa mwanamke mfupi mwenye glavu ndefu na fimbo yenye kitanzi. Alichungulia kwanza kwenye dirisha la bafu. Mpangaji alikuwa ameingiza pua kwenye ndoo. Alijaribu kunywa, maji yakamwagika pembeni, akajaribu tena.

"Anayataka maji!" alisema mshona mapazia. "Si dalili nzuri hiyo?"

"Bado si jibu," alisema daktari. "Mbwa mwenye kichaa si lazima ayaogope. Kaeni nyuma."

Aliingia na dada wa kituo. Walisikia ndoo ikipinduka, mlio mmoja mwembamba, kisha kimya kirefu. Mama mkwe alikuwa amemshika mkwewe kiwiko, anamfinya mpaka anamuumiza, na wote wawili hawakutambua.

"Nipe koleo," sauti ya daktari ilisema. Kitu kikavunjika kwa mlio mkavu. Harufu ya kuoza ikapenya chini ya mlango.

Daktari alitoka ameshika kipande cha mfupa, cheusi, kimelowa usaha.

"Ulikuwa umekwama kwenye kaakaa, jino hadi jino. Alikuwa hawezi kufunga mdomo wala kumeza. Nani anampa mifupa?"

"Si mimi," alisema mshona mapazia. "Kituo walinikataza."

Mama mkwe alikuwa anatazama sakafu.

"Kila nikinywa supu ananitazama," alisema. "Ningefanyaje?"

Fundi alicheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. Mshona mapazia alikuwa amekaa chini kabisa, analia.

"Mfupa unanieleza mate," daktari alimwambia kwa upole. "Haunielezi aliishi vipi kabla ya kuokolewa. Mbwa atafungiwa hapahapa chumbani aangaliwe siku kumi. Na wewe, mama, sindano zinaanza leo."

Zilianza siku ileile, na mama mkwe alikaa naye kwenye benchi la hospitali akiwa bado amevaa gauni lililolowa. Lakini hofu haikuisha kwa sindano. Kila asubuhi mshona mapazia alimimina maji kwenye kikombe, akakiangalia, akashindwa kukiinua. Siku moja mama mkwe akamkuta hivyo. Alimimina cha kwake.

"Tunywe, mwanangu. Mimi naanza."

Walikunywa. Baada ya hapo bibi alibeba kigoda, akakaa nje ya chumba alichofungiwa mbwa, akamtazama kwa upenyo wa mlango anavyonywa mpaka bakuli likakauka.

Siku za kuangaliwa ziliisha na Mpangaji mzima wa afya. Mwalimu mmoja aliyestaafu alikuja kumchukua. Mbwa alitetemeka mpaka kwenye gari lake, halafu akalala kwenye kiti cha nyuma. Mshona mapazia alihisi mzigo umemtoka, na papo hapo akaona aibu kuhisi hivyo.

Wiki zilipita, dada wa kituo akapiga tena. Kulikuwa na mwingine, hana pa kukaa.

"Bado, dada," alisema mshona mapazia. "Maji bado nayaangalia kabla ya kunywa. Nipe muda."

Mama mkwe akamnyang'anya simu.

"Hebu niambie," alisema, "ni mkubwa au mdogo?"