Lucy Ndiye wa Kuniangalia

Mwaka wa 2003 mwanangu Kiilu alinitolea amri kama chifu wa mkoloni. "Mwaitu, mama yangu, ule ugonjwa ukikurudia tena, nyumba ya Kitengela nafunga. Utakuja kukaa kwangu Machakos, mke wangu akuchunge."

Kunichunga! Mke ambaye kuku wake hulala kwa majirani.

Ugonjwa wangu ni wa akili kupanda na kushuka. Ikipanda, naona naweza kununua Nairobi yote. Ikishuka, hata kunawa uso ni safari. Dawa nilimeza, lakini ulinirudia tu, mpaka baada ya amri hiyo nikaingia kikundi cha wagonjwa wenzangu huko Kajiado, kwa ukumbi wa kanisa. Sista Naisula, muuguzi, alitufunza kwamba ugonjwa huu hutoa dalili kabla haujafika, na mwenye kupanda huwa hazioni. Kwa hivyo kila mmoja achague mtu wa kumwangalia, na akiambiwa "nenda kliniki", aende kwanza, abishane baadaye.

Wengine walichagua bwana, dada, pasta. Mimi nikamchagua Lucy, jirani yangu Mmaasai, ambaye tulikuwa tukigombana tangu mbuzi wake wamalize maharagwe yangu.

"Si huyo atafurahi ukiugua?" akauliza Muteti, mzee wa kikundi chetu.

"Anayenipenda ataniambia niko sawa. Lucy haachi kitu kipite."

Lucy akaitwa, akafunzwa. Alikubali haraka mpaka nikaogopa.

Basi asubuhi moja baada ya mvua niliamka nikiwa mwepesi kama msichana. Nikamshika jogoo wangu, nikampelekea Lucy akikamua.

"Mbuzi wako wamenona, dada yangu!"

Kwanza akawatemea mate mbuzi wake, kama Wamaasai wafanyavyo mifugo ikisifiwa, jicho langu lisiwadhuru. Halafu akaniangalia vizuri.

"Na huyo jogoo?"

"Zawadi."

"Kavutha, wewe ni mgonjwa."

"Mgonjwa ni mama yako!"

"Kavutha mzima hawezi kunipa hata unyoya. Na jana uliimba mchana kutwa, hukula. Tukana tu, lakini vaa viatu."

Nilivaa. Nilibishana naye mpaka Kajiado, lakini nilifika. Daktari akarekebisha dawa, nikalala, moto ukazimwa ungali moshi. Jogoo Lucy hakunirudishia.

Kiilu akasikia kwa watu. Akaja na pikapu.

"Mwaitu, funga vitu. Nimesikia ulipelekwa hospitali."

"Nilijipeleka. Zamani nilikuwa nabebwa nimefungwa kamba. Hujaona tofauti?"

"Lakini umeugua."

"Nilitaka kuugua, nikakataa. Sihami, Kiilu. Kama unataka kuongea juu ya ugonjwa wangu, kesho kuna kikundi. Njoo ukae chini, ufunzwe kama wengine."

Alikuja na tai shingoni, kumwambia sista aniachilie. Hakupewa nafasi ya hotuba. Muteti akamuuliza mbele ya wote, "Kijana, mama yako akianza kupanda, unajua kwa dalili gani?"

Kiilu akafikiri. "Huwa... anapiga kelele?"

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. "Huyo ni yeye akiwa mzima!" akasema Lucy, akasimama, akaanza kumweleza mambo yangu moja baada ya lingine bila kunihurumia hata kidogo. Nami nikakaa wima nikisikiliza kama mtu anayesifiwa.

Pikapu ilirudi Machakos bila hata sufuria yangu moja.