Mtambo Hauna Mikono

"Apondi, hebu niambie ukweli. Mimi ni nani kwenu?"

Sauti ya Brigid ilikuja ikikatika, kama inavyokuwa kila mtu apigapo simu kutoka Timboroa ukungu ukiwa umeshuka. Apondi alikuwa ameketi katika kibanda cha chai nje ya lango la chuo, mandazi mkononi, akijipongeza kimoyomoyo. Alikuwa ametoka kutuma jarida la wiki, na jarida la wiki hii lilikuwa na habari tamu kuliko zote alizowahi kuandika.

"Wewe ni Brigid wetu. Kwani kuna nini?"

"Soma ulichoandika. Usisome kama mwandishi. Soma kama mimi." Simu ikakatika.

Apondi alifungua kipakatalishi chake akasoma. Aliposoma, akaliweka andazi mezani.

Jarida lenyewe liliitwa *Mkebe Wiki Hii*. Mkebe ilikuwa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuutumia bila kulipa. Vituo vya kukusanyia maziwa, kuanzia Kiplombe hadi milimani, viliitumia kuweka hesabu ya maziwa ya kila mkulima. Ilijengwa na watu wa kujitolea, wengi wao vijana wa Eldoret, na Apondi ndiye aliyekuwa mhariri wa habari zao: nini kimeongezwa wiki hii, nini kimeharibika, nani amefanya nini. Aliamini, kwa imani ya mtu ambaye bado hajauziwa mbuzi kwenye gunia, kwamba watu wakifanya kazi kwa uwazi, dhuluma itakosa pa kujificha.

Na hapo, juu kabisa ya jarida, kwa herufi nene, palikuwa na maneno yake mwenyewe: *Hatimaye Mkebe unafanya kazi pasipo mtandao. Kazi hii kubwa imefanywa na Maurice Kituyi.*

Alipotazama kumbukumbu za kazi zilizotumwa, jambo ambalo hakulifanya kabla ya kutuma jarida, aliona kwamba haikuwa kazi ya Maurice. Ilikuwa kazi ya Brigid Nanzala. Brigid alikuwa amerudi kwao Timboroa, kule milimani, kumuuguza mama yake, na huko, karani wa kituo cha maziwa akipoteza hesabu za asubuhi nzima kila mtandao ulipozama katika ukungu, ndiko alikoanza kuijenga. Alituma vipande vidogo vidogo kwa miezi, kila alipopata mtandao wa kutumia. Maurice, aliyekuwa mkuu wa mradi na mwenye mamlaka ya kupokea kazi za wengine, alivichukua vipande vyote, akavifunga kuwa furushi moja, akalipokea furushi hilo kwa jina lake. Nao mtambo alioutengeneza Apondi wa kukusanya majina ya jarida ulisoma jina lililo juu ya furushi tu. Aliujivunia mtambo huo. Alizoea kusema kwamba hauna ndugu wala rafiki.

Lililomchoma zaidi ni kwamba hilo halikuwa suala la sifa tupu. Shirikisho la vyama vya maziwa lilikuwa likitafuta mtu mmoja wa kuajiriwa autunze Mkebe. Katibu wake, Mama Hulda, alikuwa ametangaza mbele ya wote: "Mimi si mtu wa kompyuta, wanangu. Nitasoma jarida lenu. Yule aliyefanya hii kitu ikubali bila netiweki, huyo ndiye nataka. Jumatatu naamua." Brigid alikuwa ameomba kazi hiyo. Maurice pia.

Apondi alimpigia Brigid tena na tena, simu haikupita. Chai yake ikapoa na kufanya utandu, naye akasimama akaiacha hapo.

Jumamosi wanachama walikutana, kama ilivyokuwa desturi yao, katika ukumbi wa kanisa moja pale Kapsoya. Nyaya za umeme zilitambaa chini ya viti, chupa kubwa ya chai ilisimama juu ya meza ya matoleo, na watu kama kumi hivi walikuwa wameinamia kompyuta zao. Apondi hakumsalimia mtu.

"Maurice, ile kazi ya kutumia Mkebe bila mtandao ilifanywa na nani?"

Maurice aliinua kichwa polepole. Alikuwa na sauti ya kasisi na tabasamu la mtu aliyezoea kusikilizwa. "Salamu kwanza, dada. Kwani umelala njaa?"

Watu wakacheka.

"Nimekuuliza ilifanywa na nani."

"Ilifanywa na jamii. Programu huria haina mwenyewe. Si ni wewe uliandika hivyo kwa jarida, tena mwezi wa kwanza? Mimi nilipenda sana. Nikaishika kwa kichwa."

Ni kweli aliyaandika. Kuyasikia sasa katika kinywa kile kulikuwa kama kuumwa na mbwa uliyemlea kwa mkono wako.

"Haina mwenyewe, lakini ina waliotoka jasho."

"Jasho tu? Basi tumwandike Phineas. Huyu hutoka jasho hata akifungua soda."

Kicheko kikazidi, na Phineas mwenyewe, kijana mnene mwenye utani, akaongeza: "Na mkiniandika mniweke mbele, bana. Siku hizi Maurice akipiga chafya, jarida linasema mvua imenyesha."

"Phineas," Apondi alimgeukia. "Wewe ndiwe uliyeijaribu kazi hiyo kwenye simu yako tangu mwanzo. Ulikuwa ukimtumia nani makosa uliyoyaona?"

Phineas alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu lilikuwa limezama humo. "Mi sitaki siasa, Apondi."

"Joyline? Wewe ulimtafsiria maandishi yake yote."

Joyline alivuta shali mabegani. "Haya maneno si mngeenda mkaongelea huko nje, nyinyi wawili?"

Apondi aliwatazama mmoja mmoja. Jana yote alikuwa amedhani kwamba tatizo ni kuwa watu hawajui; kwamba akishawaeleza, watashtuka kama alivyoshtuka yeye. Sasa aliona kwamba hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wamejua tangu Alhamisi, rasimu ilipowekwa hadharani ili kila mtu aisome kabla haijatumwa. Waliisoma, wakakunja midomo, wakaendelea na shughuli zao.

"Na tuseme ukweli," Maurice aliendelea kwa upole uliokera kuliko tusi. "Rasimu ilikaa siku nzima. Sheria yetu inasemaje? Anayenyamaza amekubali. Brigid alinyamaza."

"Brigid alikuwa Timboroa! Hakuwa na mtandao!"

"Sheria si yangu, dada. Ni wewe uliileta."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Aliileta ili jarida lisicheleweshwe na watu wasiojibu. Hakuwahi kufikiri kwamba yupo mtu anayenyamaza kwa sababu mlima umemnyima sauti.

"Basi leo ninatoa toleo maalumu la kusahihisha," alisema. Akaunganisha kipakatalishi chake na mashine ya kurusha picha ukutani, na rasimu aliyoiandaa usiku ikajitokeza juu ya plasta nyeupe, kando ya msalaba. *Kutokana na hitilafu ya mtambo wetu wa kukusanya majina, jina la Brigid Nanzala halikuonekana katika toleo la jana. Tunaomba radhi.*

"Hiyo ni sawa," Joyline alisema haraka, kwa faraja. "Hiyo haiumizi mtu."

"Mimi inaniumiza."

Wote waligeuka. Brigid alikuwa amesimama mlangoni, matope mekundu kwenye viatu, sweta zito la watu wa milimani likiwa bado limefungwa hadi shingoni ingawa jua la Eldoret lilikuwa limekwisha kuwaka. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Alikuja mbele, akausoma ukuta, akausoma tena.

"Hitilafu ya mtambo," alisema.

"Brigid, nisikilize. Nilitaka kwanza jina lako lirudi, halafu..."

"Mtambo hauna mikono, Apondi. Mtambo haujaomba kazi kwa Mama Hulda. Kuna mtu alikaa chini, akachukua vipande vyangu vyote, akafuta jina, akaweka lake. Unamjua. Hawa wote wanamjua. Na wewe umekuja kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mbele yake!"

"Nilikuwa nakutetea!"

"Ulikuwa unamtetea nani? Soma tena. Hapo kuna jina la mwenye kosa?"

Apondi aliusoma ukuta. Aligundua kwamba, pamoja na hasira zote alizokuja nazo, usiku kucha mkono wake ulikuwa umetafuta neno ambalo lingemrudishia Brigid haki yake bila yeye Apondi kumpoteza rafiki hata mmoja katika ukumbi ule. Alilipata neno hilo. Lilikuwa uongo. Hasira ikageuka ikamtazama yeye, na hapo ndipo ilipokuwa na nguvu hasa.

Aliketi. Akafuta rasimu yote ukutani, watu wakitazama, akaandika upya, neno kwa neno.

*Kazi ya kuuwezesha Mkebe kutumika pasipo mtandao ilifanywa na Brigid Nanzala. Maurice Kituyi aliipokea kazi hiyo, akaondoa jina la aliyeifanya na kuweka lake. Wanachama waliojua walinyamaza. Mimi, mhariri, niliuamini mtambo, sikuuliza.*

Chai ilikuwa ikitona kutoka kwenye mdomo wa chupa, hakuna aliyeinuka kuifunga.

"Ondoa hiyo," Maurice alisema. Tabasamu lilikuwa limekwenda. "Napinga. Mtu mmoja akipinga, toleo halitoki. Hiyo pia ni sheria."

"Pinga," Apondi alimjibu. "Lakini unajua namna ya kupinga. Unaandika chini ya rasimu, kwa jina lako, pamoja na sababu, mahali ambapo kila msomaji ataona. Hata Mama Hulda."

Maurice alivuta kompyuta yake kwa kishindo. Ukutani, chini ya rasimu, jina lake lilitokea, na pembeni yake vitone vitatu vikaanza kucheza kuonyesha kwamba anaandika. Vikacheza, vikasimama. Vikacheza tena. Hakuna aliyekunywa chai. Vitone vikasimama.

"Yaani mnaniaibisha kwa sababu ya mistari ya kompyuta?" alifoka. "Mimi ndiye nimebeba huu mradi! Nani alikuwa anakuja kuwafungulia huu ukumbi? Nani aliongea na shirikisho? Huyu wa Timboroa angejulikana na nani?"

"Hiyo ni sababu nzuri," Brigid alisema. "Iandike hivyo hivyo."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakatiza kicheko chake njiani. Maurice alimtafuta kwa macho asimwone. Kisha akakunja kompyuta, akang'oa waya wake ukutani hata soketi ikatoa cheche, akatoka. Pale chini ya rasimu hapakuwa na neno hata moja.

"Utalituma lini?" Brigid aliuliza.

"Kesho. Lazima rasimu ikae siku moja."

"Tena siku moja." Brigid alicheka kicheko kikavu. "Haya. Mimi narudi kwa mama."

"Brigid, pole. Kwa dhati."

"Usinipe pole. Nipe jina langu." Akaondoka, akipita katikati ya viti, na watu wakavuta miguu yao kumpisha kwa heshima kubwa iliyochelewa.

Jumapili, baada ya ibada, hakuna aliyekuwa amepinga. Apondi alituma toleo lile kwa wasomaji wote bila kubadilisha herufi. Mama Hulda hakujibu kwa maandishi, alimpigia mwenyewe.

"Msichana wangu, nimesoma. Huyo Brigid aje kesho ofisini. Na huyo mwingine asinipigie simu, ashike adabu yake."

"Asante, Mama."

"Usiniambie asante. Ningempa kazi mwizi kwa sababu ya karatasi yako. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

Kisha hongera zikaanza kumiminika katika kikundi chao cha simu. Joyline aliandika kwamba Mungu ni mwaminifu na haki imetendeka. Wengine wakaweka picha za mikono ikipiga makofi, safu kwa safu. Phineas akaandika: *Sisi tulijua tu. Brigid ndiye baba yao, hakuna wa kumfikia!*

Apondi alikuwa jikoni kwao, mikono imezama katika povu la vyombo vya chakula cha mchana. Aliifuta mikono, akaandika: *Mlijua. Jana nilikuuliza mbele ya watu, Phineas, ukaangalia kikombe.*

Jibu lilikuja upesi. *Aki Apondi, si yameisha?*

Hasira aliyokuwa nayo kwa Maurice ilikuwa na mipaka. Mtu mmoja, tendo moja. Hii nyingine haikuwa na pa kushika. Ilikuwa hasira juu ya watu wema, watu waliomkopesha vitabu na kumwombea mtihani, ambao kesho wangemkumbatia Brigid bila kuona haya. Akaandika: *Hayajaisha. Jumamosi ijayo nitakuuliza tena, naye Brigid atakuwapo.* Akageuza simu kifudifudi.

Alichukua sufuria ya ugali, akaanza kuisugua kwa sifongo ya chuma, akaisugua hata sauti yake ikajaa nyumba nzima.

"Apondi!" mama yake aliita kutoka sebuleni. "Hiyo sufuria imekukosea nini?"

Apondi alimwaga maji, akaigeuza sufuria, akaanza upande wa chini.